Sinia Moja kwa Watu Wawili

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuja kukaa kwetu akiwa na miaka kumi na mitatu, na mwezi haujaisha akafungua redio yangu. Nilirudi kazini nikaikuta mezani vipande vipande, skrubu zake zimepangwa kwenye vifuniko vya soda. Nikamuuliza kuna nini. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Inakoroma, shemeji. Natafuta koo lake." Jioni redio ikaimba vizuri, isipokuwa kitufe cha sauti kilianza kufanya kazi kinyume. Ukitaka kupunguza, unazungusha upande wa kuongeza. Tulilalamika siku mbili, kisha tukazoea.

Naanza na redio kwa sababu watu wengi kazini wanamjua kwa jambo la Mzee Kipimo tu. Wapo wanaosema alimwokoa mzee na wapo wanaosema alimponza. Mimi nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na naona wote wana haki.

Kazini kwetu ni mtambo wa kusafisha maji ya mji. Mimi ni tarishi. Napeleka mafaili, nachemsha chai, na zamu zinapobadilishana napiga kengele. Jina langu wamelisahau, wananiita Kengele. Shemeji anatunza seva, ile kompyuta isiyo na kioo inayokaa kwenye chumba cha baridi nyuma ya ofisi ya Meneja, ambayo kompyuta nyingine zote huiuliza kabla ya kufanya lolote. Wanamwita Mama Seva, ingawa hana mtoto. Akiulizwa anasema seva inatosha, nayo inalia usiku na mchana.

Chumba cha mitambo kina kompyuta nane. Kila mfanyakazi ana namba yake na neno lake la siri, na hawezi kugusa pampu wala dawa ya maji bila kuingia kwa namba hiyo. Meneja alitoa amri kwamba kuchelewa kuhesabiwe kwa saa aliyoingia mtu kwenye kompyuta. Basi wakajifunza. Kabla ya saa moja asubuhi wote wanane wamekwisha kuketi, wameandika namba na neno la siri, na kidole kiko juu ya kitufe kinangoja kengele yangu. Nikipiga, vidole vinane vinashuka kwa pamoja. Halafu lazima mmoja aseme, "Imenigomea." Na jirani yake amjibu, "Bonyeza tena." Anabonyeza tena, inakubali. Ilikuwa hivyo kila asubuhi kwa miezi mitatu, mpaka ikawa kama salamu. Walilaumu vitufe, walilaumu waya, wengine walisema mashine nayo haipendi kuamka mapema.

Mzee Kipimo alikuwa mpimaji wa dawa wa tangi dogo, lile linalopeleka maji kwenye nyumba za mlimani na zahanati yao. Namba yake ni 417. Tangi kubwa lilikuwa la jirani yake wa kushoto, mwenye namba 471, ambaye tunamwita Mbio kwa sababu hata akila anakula kama anayefukuzwa. Tangi dogo hupewa kilo tatu za dawa kwa saa. Kubwa hupewa tisa.

Jumanne moja tangi dogo lilipewa tisa.

Aliyegundua ni Mzee Kipimo mwenyewe. Ana desturi yake: akishaweka kipimo kwenye kompyuta, dawa ikishachanganyika, anatoka na chupa kuteka maji kwa mkono, anatia matone, anatazama rangi juani. Saa tatu alirudi anakimbia, na mimi sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia. Alifunga dawa, akapiga simu zahanati, akaenda kwa Meneja kwa miguu yake. Lakini maji ya muda wa saa mbili yalikwisha kuondoka. Watu kumi na wawili waliwashwa macho na koo, na bibi mmoja akalazwa siku mbili.

Meneja aliagiza kumbukumbu za seva. Shemeji akazitoa. Zilisema 417 aliingia saa moja kamili na sekunde mbili. Saa moja na dakika moja 417 akaweka tatu. Saa moja na dakika mbili 417 akaweka tisa.

"Sikuweka tisa," alisema Mzee Kipimo.

"Basi ulimpa mtu neno lako la siri," alisema Meneja.

"Sijampa mtu."

"Basi umesahau, mzee. Umri haufichiki."

Yote matatu yalikuwa na adhabu moja, kufukuzwa. Kikao cha nidhamu kikapangwa Jumatatu saa nne. Mzee alikuwa na miaka ishirini na tisa kazini na amebakiza miezi minane astaafu. Nilimpelekea chai kwenye benchi la nje, alikowekwa asubiri kama mgeni. Akashika kikombe asinywe.

"Kengele," aliniambia, "neno langu la siri hata mke wangu halijui. Na mke wangu anajua mpaka namba ya viatu vya Meneja."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Kilichomuumiza zaidi ni ripoti. Shemeji aliandika mistari miwili akasaini: kumbukumbu za seva hazina kasoro, aliyeingia ni 417. Na yule mzee ndiye aliyempokea shemeji siku ya kwanza, akamfundisha kushika chupa na kutia matone, akamwita binti tangu hapo. Baada ya ripoti walipishana kwenye korido. Mzee akasema, "Umeamkaje, binti," kama kawaida, na shemeji akaitikia huku anatazama sakafu.

Jumapili mchana tulikuwa uani kwetu. Mke wangu na mdogo wake walikuwa wanachekecha unga, mmoja wa ngano, mwingine wa mahindi, na mke wangu alikuwa anachekecha maneno pamoja na unga.

"Mzee wa watu miaka ishirini na tisa. Unakwenda kuandika mistari miwili."

"Dada, niandike nini? Mashine haina mjomba wala shangazi. Imesema 417."

"Na wewe umeiamini."

"Ndiyo kazi yangu, kuiamini."

"Kazi yako ni kuitunza. Mimi nakutunza tangu una miaka kumi na mitatu na sikuamini hata kidogo."

Nilitaka wasigombane, kwa hiyo nikauliza swali. Nikasema mimi sijui, lakini hiyo seva inamjuaje mtu? Ina orodha ya maneno ya siri ya watu wote?

Shemeji alifurahi kubadilishiwa maneno. "Hapana, shemeji. Ikiweka orodha, mwizi akiingia siku moja anabeba yote. Seva inalichukua neno lako, inatia chumvi kidogo, kila mtu na chumvi yake, halafu inalisaga. Linakuwa unga, na unga haurudi kuwa nafaka. Inachoweka ni unga tu. Kesho ukija na neno lako, inasaga upya kwa chumvi ileile, inaulinganisha unga wa leo na ule iliouweka. Ukifanana, pita. Usipofanana, imekugomea."

Hapo alitaka kumimina unga wake kwenye sinia, na mke wangu akamshika mkono. "Ngoja nitoe wangu kwanza. Sinia ni moja, utanichanganyia."

Nikauliza, "Na huko kwenye seva masinia ni mangapi?"

Aliniangalia akitabasamu, akafungua mdomo kunijibu. Kisha tabasamu likamwishia. Chekecheo lilibaki hewani, linadondosha unga kwenye magoti yake, na hakuona.

"Kwa nini umeuliza hivyo?" alisema.

Nikaona aibu. Nikamwambia sikuwa na maana, ni vile asubuhi wanagomewa. Nikasema pia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu kwa sababu lilinitia fedheha: mwezi uliopita ulimi wa kengele ulidondoka siku moja saa moja asubuhi. Nilisimama mlangoni na ulimi mkononi. Watu walingoja, wakachoka, wakaingia kila mmoja kwa wakati wake. Siku hiyo hakuna aliyesema imenigomea.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Una hakika, shemeji?"

"Nilikuwa nimesimama palepale naona aibu. Wangesema ningesikia."

Alisimama. Unga ukamwagika wote chini. Mke wangu, ambaye kwa kawaida angepiga kelele kwa kijiko kimoja, alimtazama usoni akaniambia mimi, "Nenda naye."

Chumba cha seva ni kidogo, na ukikaa dakika kumi unatamani koti. Shemeji alifungua programu akawa anasoma, midomo inatembea. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Baada ya muda midomo ikasimama.

"Sinia ni moja," alisema.

Alinieleza polepole, nami naeleza kama nilivyoelewa. Zamani seva yetu ilikuwa na mhudumu mmoja. Watu wanane wakija kwa pamoja, inamsagia wa kwanza, inamlinganishia, inamwita wa pili. Ilikuwa salama lakini ya polepole, na watu wakalalamika kwamba wanaandikiwa wamechelewa wakati wamekaa kwenye viti. Miezi mitatu nyuma shemeji akaibadili iwe na wahudumu wanane kwa mpigo, wataalamu wanawaita nyuzi. Meneja alimsifu mbele ya watu. Lakini kile kinu cha kusagia maneno ya siri hakukigusa. Kiliandikwa zamani sana na watu waliojua mteja atakuwa mmoja, na unga wake wote kinaumimina mahali pamoja. Sasa mhudumu wa kwanza anasaga, anamimina, anageuka kuchukua ule wa zamani alinganishe. Kabla hajarudi, mhudumu wa pili amemimina wa mteja wake juu yake. Wa kwanza analinganisha unga usio wake. Haufanani. Imenigomea.

"Kwenye maelezo ya kinu imeandikwa wazi," alisema. "Kisitumiwe na wahudumu wengi kwa wakati mmoja. Mstari wa sita. Sikuusoma."

"Lakini hiyo ni kugomewa," nilisema. "Mzee hakugomewa. Kuna aliyeingia kwa namba yake."

Alifungua kumbukumbu za Jumanne, akanionyesha kwa kidole. 417 ameingia saa moja kamili na sekunde mbili. Mstari unaofuata: 417 ameingia saa moja kamili na sekunde mbili. Mara mbili.

"Niliiona hii Jumatano," alisema. "Nikasema mzee amebonyeza tena. Si wote wanabonyeza tena?"

Akateremka kwenye orodha. 471, Mbio, ameingia saa moja na dakika nne.

Hapo hata mimi nilielewa kuna kitu. Mbio hajawahi kuchelewa dakika nne maishani mwake. Jumanne nilimwona kwa macho yangu kwenye kiti, kidole tayari.

"Aliandika 417 badala ya 471," alisema shemeji. "Namba zile mtu mwenye haraka anazigeuza. Akaweka neno lake yeye, la Mbio. Ilipaswa imkatae. Lakini sekunde hiyohiyo Mzee mwenyewe, mezani kwake, amebonyeza 417 na neno la kweli. Wahudumu wawili, sinia moja. Unga wa Mbio umemwagwa, wa Mzee umeingia juu yake, na mhudumu wa Mbio akalinganisha unga wa Mzee na unga wa Mzee. Umefanana. Akampitisha Mbio kwenye ukurasa wa Mzee."

Kurasa zile ni pacha, isipokuwa jina la tangi juu kwa herufi ndogo. Mbio akaweka tisa yake ya kila siku. Akatazama, tangi lake halijasogea. Akasema imenigomea, akatoka, akaingia tena kwa namba yake, akaweka tisa nyingine, akaendelea na kazi. Hakukuwa na la kumwambia mtu. Kubonyeza tena ilikuwa ndiyo kazi.

Shemeji aliuvuta ubao wa vitufe karibu.

"Kurekebisha ni dakika mbili," alisema. "Kila mhudumu namkabidhi sinia lake. Nikifanya sasa hivi, kesho asubuhi hakuna anayegomewa, na hakuna atakayejua kulikuwa na nini."

Nilitazama mikono yangu. Nilipoinua macho alikuwa ameanza kuandika, lakini hakuwa anarekebisha. Alikuwa anaunda kitu cha kujaribia: programu yenye mikono miwili. Mkono mmoja unaingia kwa namba ya majaribio na neno la kweli, mwingine kwa namba hiyohiyo na neno la uongo, tena na tena bila kupumzika. Neno la uongo likipita hata mara moja, tumeona.

Tulikaa dakika arobaini tukitazama hesabu ya mara ambazo neno la uongo limepita: sifuri. Kisha sifuri ikawa moja. Hatukushangilia. Akajaribu upya ili awe na hakika, na hiyo mara ya pili tulingoja saa nzima, sifuri ikabaki sifuri.

"Ndivyo kosa hili lilivyo," alisema. "Linakuja likitaka. Kesho saa nne lisipokuja, nitaonekana nimeota, na Mzee anakwenda."

Tulipokuwa tunafunga mlango akaniambia, "Shemeji, nikiliacha mpaka kesho ili walione, na kesho asubuhi watu wanaingia, litaweza kutokea tena. Usipige kengele."

Nimepiga kengele ile miaka kumi na tisa. Nimeipiga na homa. Asubuhi ya Jumatatu nilizunguka meza hadi meza kabla ya saa moja, nikainama kwa kila mtu nikasema kwa sauti ya chini aingie baada ya jirani yake kumaliza. Kwangu mimi hilo ni sawa na kuhutubia uwanja. Mwendesha pampu wa meza ya mwisho alisema, "Kengele, leo umetuletea mahubiri?" lakini wakafanya. Wakaingia mmoja mmoja. Hakuna aliyegomewa, na nilikuwa nawatazama mmoja mmoja nikihesabu.

Meneja akatoka ofisini. "Kengele iko wapi?"

"Ipo, mkuu."

"Mbona sijaisikia?"

"Mama Seva amesema isilie."

"Tangu lini Mama Seva amekuwa bosi wako?"

Tangu alipofungua redio yangu, nilitaka kusema. Nikameza. Akaniambia nitaandika maelezo, na wote saba waliochelewa wataandika.

Shemeji alimfuata Mbio mezani kwake, akamuuliza Jumanne alifanyaje. Mbio akakuna kichwa. "Jumanne? Ilinigomea kipimo, nikatoka nikaingia tena. Kwani vipi?" Shemeji akamnong'oneza. Nilimwona Mbio anaweka kalamu chini taratibu sana, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Saa nne nilikuwa kwenye chumba cha mikutano na birika la maji, kazi yangu kwenye vikao ni kumimina. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja kutoka makao makuu, miwani yake imefungwa kamba. Kulia kwake Afisa Utumishi, kushoto Meneja. Mzee Kipimo alikaa peke yake upande wa pili wa meza, amevaa suti ambayo ilishonwa alipokuwa mnene. Barua ilikuwa mezani, imechapwa, inangoja saini tu. Niliisoma kichwa chini nilipokuwa namimina. Kufukuzwa.

Mwenyekiti akamwita shemeji athibitishe ripoti yake.

"Siithibitishi," alisema. "Naiondoa. Niliyoyaandika si kweli."

Meneja aligeuza kiti chake kizima. Shemeji akaeleza kama alivyonieleza mimi, kinu, unga, sinia. Alitumia maneno yaleyale ya uani. Afisa Utumishi aliandika mwanzoni, kisha akaacha kuandika.

"Hadithi nzuri," alisema Meneja. "Unaweza kuionyesha?"

"Naweza kujaribu."

"Kujaribu."

"Ndiyo, mkuu. Sijui itachukua muda gani."

Mwenyekiti akatazama saa. Alikuwa na kikao kingine saa tano kamili, kwenye jengo lingine. "Tunayo dakika ishirini na tano," alisema.

Shemeji akawasha mashine ya kuonyeshea ukutani. Mzee akaambiwa achague neno jipya la siri, akaliandika mwenyewe, mkono wake mmoja umeukinga mwingine. Shemeji akamwomba Afisa Utumishi achague neno la uongo. Afisa akafikiri, akasema, "Kiatu." Ukutani zikatokea namba mbili. Juu, mara ambazo kiatu kimekataliwa. Chini, mara ambazo kiatu kimeruhusiwa kwa namba ya Mzee.

Ya juu ilianza kukimbia. Mia. Elfu. Elfu mbili. Ya chini ilikaa sifuri.

Dakika tano. Mbio alikuwa amesimama mlangoni, hakuitwa, lakini hakuna aliyemfukuza. Dakika kumi. Nilimimina maji kwenye glasi iliyojaa, yakamwagika, nikafuta kwa mkono wa shati. Mzee hakuwa anatazama ukuta. Alikuwa anamtazama shemeji, na shemeji hakuwa anamtazama mtu. Dakika kumi na tano. Juu elfu tisa, chini sifuri.

"Naona mashine inakataa kiatu vizuri tu," alisema Meneja.

Mwenyekiti alivua miwani, akaisafisha, akaivaa. Akavuta barua karibu naye. Kalamu yake ilikuwa ya bluu, nakumbuka.

Mimi huwa sisemi kwenye vikao. Lakini nilikuwa natazama ile mikono miwili ya programu ikibonyeza, na nikawaona wale watu kwenye viti vyao. Nikamsogelea shemeji kwa nyuma na birika langu, nikamwambia, "Asubuhi huwa wako wanane."

Alinigeukia. "Nini?"

"Hapo wako wawili. Kengele ikilia huwa wanane."

"Tarishi anasema nini?" aliuliza Meneja.

Mwenyekiti akaniangalia. "Sema, ndugu. Sema kwa sauti."

Nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine. Nikasema nikipiga kengele wanabonyeza watu wanane kwa pamoja kwa sababu kuchelewa kunahesabiwa hapo, na siku kengele ilipoharibika hawakugomewa, na leo sijaipiga hawakugomewa. Sikuwa na zaidi. Nikarudi ukutani.

Shemeji alikuwa amekwisha kuanza kuandika. Akaongeza mikono sita, inayoingia kwa namba nyingine, fujo tu, kama asubuhi. Akabonyeza.

Namba ya juu iliruka kwa kasi nyingine. Sasa hata maneno ya kweli yalianza kukataliwa, yanatokea kwa rangi nyekundu pembeni, moja, lingine, matatu kwa mpigo, na Mbio akasema kutoka mlangoni, taratibu, "Imenigomea." Hakuna aliyecheka. Saa ya ukutani ilionyesha dakika tano kabla ya saa tano. Mwenyekiti alikuwa anakusanya karatasi zake kwa mkono mmoja, macho yako kwenye ukuta.

Chini ikaandika moja.

Afisa Utumishi alisimama, akaenda mpaka ukutani, akasoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. "Neno, kiatu. Namba, 417. Ameruhusiwa." Akageuka. "Kiatu changu kimeingia."

Kabla hajarudi kwenye kiti ikawa mbili.

Mwenyekiti akaikunja barua mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake, hakuichana. Alimwambia Mzee arudi kazini. Kisha akamuuliza shemeji nani aliongeza wahudumu bila kubadilisha kinu.

"Mimi," alisema shemeji. "Na niliandika kwamba hakuna kasoro bila kutafuta."

Alipewa barua ya onyo, na kuthibitishwa kwake kazini kukasogezwa mwaka mzima. Yule bibi aliyelazwa alipona. Shemeji alikwenda kwake mlimani mara mbili, mara ya kwanza akafukuzwa. Mbio naye aliomba namba nyingine, akapewa 502.

Mzee Kipimo alipotoka kwenye chumba kile alisimama mbele ya shemeji. Nilidhani atamwambia jambo zito. Alisema, "Binti, chupa zako za kupimia zina vumbi. Njoo kesho uteke maji."

"Nitakuja, mzee wangu."

Aliirekebisha seva mchana uleule, dakika mbili kama alivyosema. Kila mhudumu sasa ana sinia lake. Kesho yake Meneja aliniambia nipige kengele, nikapiga, vidole vikashuka, na hakuna aliyegomewa. Wengine walibonyeza tena kwa mazoea tu.

Lakini Mzee Kipimo hakubonyeza. Alikaa na kidole hewani mpaka wote saba wakaanza kazi, akahesabu, midomo yake ikitembea, ndipo akaingia. Shemeji alimweleza mara nyingi kwamba sasa ni salama, akamchorea hata picha ya masinia. Mzee anamsikiliza, anaitikia kwa kichwa, na asubuhi anangoja. Miezi minane yote iliyobaki aliandikwa amechelewa kila siku. Meneja hakumuuliza hata mara moja.